Kishimo cha Mlangoni

Kila Jumamosi Jagoda aliianza siku yake kwenye karakana ya baba yake, nyuma ya nyumba. Alifagia maranda, akapanga misumari, ndipo akaenda kunywa chai. Bwana Zenon, baba yake, alikuwa seremala aliyejulikana mji mzima wa Lipowka, huko Poland, na alikuwa mkali kwa jambo moja. "Sitaki kuona tundu kwenye kazi yangu," alisema kila mara, "hata tundu la msumari!" Kwa hiyo Jagoda, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alijua kuziba matundu kwa puti, ule ugoro laini wa mafundi unaokauka na kuwa mgumu, na kulainisha kwa msasa kama mtu mzima.

Jumamosi hii hata chai haikushuka vizuri. Kesho yake, watu wakitoka kanisani, makumbusho mapya yangefunguliwa! Yaliitwa Nyumba ya Majirani, na yalikuwa katika nyumba kongwe pembeni ya uwanja wa soko. Humo wageni wangeona jinsi Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi walivyoishi pamoja Lipowka, na jinsi Wayahudi walivyochukuliwa na kuuawa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wanafunzi wachache walikuwa wamechaguliwa kuwaongoza wageni, na Jagoda alikuwa mmoja wao. Beji yenye jina lake aliivaa tangu Alhamisi, hata kitandani.

"Baba, utakuja kunisikiliza? Usichelewe!"

"Nitakuja, mama wee! Umeniambia mara ngapi?" Baba alicheka. "Hebu kula mayai yako kwanza."

Kwenye makumbusho mambo yalikuwa moto. Mmoja alifuta vioo, mwingine alibeba viti. Bi Bozena, mkuu wa makumbusho, alipita mbiombio, miwani ikiwa juu ya nywele, huku akiitafuta miwani hiyohiyo.

"Jagoda! Siku ile tulipojifunza habari za mlango hukuwepo. Umeshajifunza?"

Siku ile Jagoda alikuwa ametoroka kwenda kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na tangu hapo hakumuuliza mtu. Lakini angesemaje? Beji ingeondoka.

"Nimejifunza yote, Bi Bozena!"

"Vizuri sana. Kesho atakuja Bi Tsila kutoka Haifa, Israeli. Mama yake alizaliwa nyumba hii, akanusurika vita akiwa mtoto. Nataka kila kitu kiwe sawasawa."

Kila kitu kiwe sawasawa! Maneno hayo yalimpa Jagoda nguvu. Alizunguka akitafuta kasoro, na alipofika mlango wa mbele akaiona. Kwenye mwimo wa kulia, ule ubao wa wima wa fremu ya mlango, palikuwa na kishimo kirefu kama kidole, kimekaa mshazari, kingo zake zimechakaa. Aibu gani hii mbele ya mgeni! Alikimbia nyumbani, akarudi na kopo la puti, akakijaza, akakisawazisha kwa kisu mpaka mwimo ukawa laini kabisa. Hakumwambia mtu. Alitaka Bi Bozena ashangae mwenyewe.

Jioni aliondoka na Olek, rafiki yake wa darasani aliyechaguliwa pia kuongoza wageni. Olek alikuwa akirudia maneno yake ya kesho huku akitembea kinyumenyume na kupunga mikono kama mwanasiasa.

"Mabibi na mabwana! Kwenye kishimo hiki Wayahudi wa nyumba hii waliweka kijisanduku chembamba chenye maneno ya Maandiko. Kila aliyeingia alikigusa. Vita vilipokuja, kijisanduku kiling'olewa, watu wakachukuliwa, pakabaki alama hii tu. Ndicho kitu pekee cha familia hiyo kilichobaki. Je, nimepatia?"

Jagoda alisimama.

"Kishimo kipi?"

"Cha mlangoni! Si ulisema umejifunza?"

"Olek, nimekiziba."

"Acha utani."

"Nimekiziba kwa puti! Leo hii!"

Olek alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama yangu! Ndicho anachokuja kukigusa yule bibi!" Kisha akatazama huku na huku na kushusha sauti. "Sikia. Nyamaza tu. Watadhani ni mzee Mietek, fundi rangi."

Jagoda alimfikiria mzee Mietek, ambaye wiki nzima alipaka rangi huku akiwachekesha. Aliifikiria beji yake pia, na akatamani sana kunyamaza. Lakini puti ilikuwa inakauka. Asubuhi ingekuwa ngumu kama jiwe, na yule bibi angegusa nini? Aligeuka akatimua mbio, machozi yakimtoka.

Bi Bozena alikuwa anafunga mlango. Jagoda alisema yote kwa pumzi moja: puti, viatu vya magurudumu, uongo wa asubuhi. Bi Bozena alikaa kwenye ngazi.

"Mwite baba yako," alisema hatimaye. "Haraka!"

Bwana Zenon alikuja na patasi yake nyembamba kuliko zote. Alibonyeza puti kwa ukucha. "Bado laini ndani. Shika taa, Jagoda, na usitikisike." Alichokoa kidogo kidogo, akipuliza vumbi, bila kugusa ubao wenyewe. Jagoda alishika taa mpaka mkono ukafa ganzi. Mwishowe kishimo kilitokea tena, mshazari vilevile, kingo zake zilizochakaa zikiwa salama. Olek, aliyekuwa amewafuata, aliruka na kupiga kelele, "Kimerudi! Kimerudi!" Hata Bi Bozena alicheka huku akijifuta macho.

Kisha akanyoosha mkono. "Beji, tafadhali. Kesho utapokea makoti mlangoni."

Jagoda aliitoa. Iliuma, lakini alijua ni haki.

Jumapili, licha ya manyunyu, uwanja ulifurika watu. Bendi ya wazimamoto ilipiga, keki za jibini zilijaa mezani, na kasisi wa Kikatoliki na wa Kiorthodoksi walisimama pamoja chini ya mwavuli mmoja. Jagoda alikuwa amezama katika makoti yenye unyevu pale alipoguswa begani na mama mzee, mfupi, aliyevaa kilemba cha bluu.

"Mjukuu wangu, kile kishimo kiko wapi?" aliuliza kwa Kipolandi chenye lafudhi ya kizamani. "Mama yangu alikuwa mdogo, hakukifikia. Babu yangu alimnyanyua kila siku akiguse."

"Hapa, bibi," alisema Jagoda, akijua sasa kwamba huyu ndiye Bi Tsila.

Bi Tsila alitia kidole ndani ya kishimo, akafumba macho. Alipokitoa, ncha yake ilikuwa na chembe nyeupe.

"Hii nini?"

Jagoda angeweza kusema ni rangi. "Ni puti, bibi. Jana nilikiziba. Nilidhani ni kasoro, kwa sababu sikujifunza habari zake, nikadanganya kwamba nimejifunza. Baba amekifungua. Nisamehe sana."

Bi Tsila alimtazama, na Bi Bozena, aliyekuwa nyuma yao, akasogea karibu.

"Sikiliza, mwanangu," Bi Tsila alisema. "Waliomng'oa babu yangu hapa walinyamaza kuhusu walichofanya, na majirani wengi wakanyamaza. Wewe ungenyamaza, leo ningegusa ubao mtupu. Kabla hujarekebisha kitu cha mwenzako, muulize kina maana gani kwake. Na ukikosea, sema mapema, kabla puti haijakauka."

Alitabasamu, akakifuta kidole chake. Bi Bozena alitoa beji mfukoni na kumbandikia Jagoda kifuani.

"Makoti nitapokea mimi," alisema. "Mwongoze mgeni wako."

Jagoda aligusa kishimo, akamshika Bi Tsila mkono, wakaingia ndani.