Mlinzi wa Bunduki ya Suresh

Mtutu ulikuwa na joto. Lawrence Mwakio aliugusa kwa migongo ya vidole, kama mama agusavyo paji la uso la mtoto mwenye homa, akauondoa mkono upesi. Ilikuwa Novemba, London imelowa tangu asubuhi, na bunduki hiyo ilikuwa imeletwa kutoka Hayes ndani ya buti ya gari. Chuma kilipaswa kuuma kwa baridi. Badala yake kilikuwa na uvuguvugu, kana kwamba mtu ametoka kuifyatua.

Alijiambia ni hita ya ukutani, akaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa kuzitambua bunduki za vita vya zamani: ipi ya kweli, ipi ya kuungaunga, ipi inafaa makumbusho na ipi ni pambo la baa. Aliifanya katika nyumba ya mnada karibu na Stratford, kwenye chumba cha chini ya ardhi chenye mlango wa chuma, na wakusanyaji walimwamini kwa kuwa hakuwahi kusema neno la kumfurahisha mtu. Alikuwa Mtaita wa Bura. Utotoni aliokota nyikani maganda ya risasi za vita vya Mwingereza na Mjerumani, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomfikisha hapo.

Hii ilikuwa bunduki ya Kijerumani ya mtindo wa 1871, ile ya baruti nyeusi waliyopewa askari Waafrika wa jeshi la Mjerumani. Aliyeileta ni Bi Alka, mjane wa Kihindi aliyekulia Voi. Marehemu mumewe, Suresh, aliipata huko huko kwa mzee mmoja, akaja nayo Uingereza. Bi Alka hakukaa kitini wala hakutaka chai. Alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba katika mwaka wake wa mwisho Suresh hakutoka tena katika chumba ilimotundikwa bunduki hiyo. Chakula alipelekewa humo humo. Watoto walidhani ni uzee, daktari akasema ni huzuni. Siku aliyokufa walimkuta amesimama wima nyuma ya mlango, mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Kumbe alikuwa anataka kutoka," Bi Alka alisema. "Mimi nilidhani hataki."

Akaaga, akaenda zake bila kuitazama tena.

Bunduki ya jeshi hupigwa namba ileile kwenye mtutu, kwenye bolti inayofunga risasi ndani na kwenye vyuma vyake vingine, na bunduki ambayo vipande vyake vimeishi pamoja tangu kiwandani ni adimu, maana vita huchanganya kila kitu. Lawrence aliinamisha taa, akashika lenzi. Mtutu: namba ile. Bolti: namba ile. Bamba la kitako: namba ile. Moyo ulianza kumwenda mbio kwa furaha. Desturi yake ilikuwa kuutoa mtutu kwenye ubao wake na kuangalia tumboni, upande wake wa chini, mahali ambapo wadanganyifu hujisahau, lakini furaha ilimlevya. Alimpigia simu Ian, mwenye nyumba ya mnada, aliyekuwa ofisini ghorofa ya juu, akamwambia kwamba hii ni ya kweli tupu, kipande kwa kipande, na yuko tayari kuiapia.

Neno hilo lilipomtoka, kitu nyuma yake kilishusha pumzi.

Aligeuka. Rafu, masanduku, ukuta. Ila harufu ilikuwa imebadilika. Chumba kilinuka jasho la mtu aliyetembea mchana kutwa, na baruti, na vumbi jekundu la nyika wakati mvua imekataa kunyesha. Aliijua harufu hiyo. Hakuwa ameisikia tangu alipoondoka kwao.

Alichukua koti ili apande juu. Alifungua mlango wa chuma, akapanda ngazi, akasukuma mlango wa juu, akajikuta anaingia katika chumba kilekile, taa imeinama vilevile, bunduki juu ya meza. Akasimama. Akarudi nyuma, akashuka ngazi alizopanda, akafungua mlango wa chini, na chumba kikampokea tena. Mara ya tatu alikimbia, mkono ukiburuza ukutani ili asipotee, macho ameyafumba kwa hofu ya kukiona anachokijua, na alipoyafumbua alikuwa amesimama mbele ya meza, na safari hii mdomo wa mtutu, uliokuwa umeelekea rafu, ulikuwa umemwelekea yeye.

Alimpigia Ian, akimwomba ashuke amfungulie. Ian alicheka. Alisema anamwona kwenye kamera wakati huohuo, na mlango uko wazi. Kisha kicheko kikapungua. Akamuuliza Lawrence kwa nini amesimama kando ya mlango wima namna ile, bunduki begani, kama askari wa zamu.

Lawrence alikuwa amekaa chini, mgongo ukiwa kwenye rafu, mikono mitupu.

Alikata simu, akamtafuta Matar.

Matar alikuwa mtu wa Mombasa, mpakiaji mizigo katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na Waswahili wa London walimwita nyumbani kwao penye mgonjwa asiyeeleweka. Alisoma, alipuliza, hakutoza. Lawrence alikuwa Mkristo na siku zote alimtania kwa hilo. Sasa alimweleza yote kwa kunong'ona, kiganja kimefunika mdomo, na Matar hakumkatiza hata mara moja.

"Sikiza, ndugu yangu," Matar alisema mwishowe. "Niweke kwenye spika, simu itie juu ya meza. Kisha unyamaze."

Akaanza kusoma. Sauti ilijaa chumbani, taa ikafifia ikawa ya rangi ya kutu, na kutoka pale kando ya mlango, mahali ambapo kamera ilimwona askari, Lawrence alisikia buti zikisagika juu ya changarawe, ingawa sakafu ilikuwa ya saruji. Matar akaacha kusoma, akamuuliza aliyepo kwa jina la Mola wake aseme yeye ni nani na anataka nini.

"Mlinzi," ilijibu sauti. Ilikuwa kavu, sauti ya koo lisiloyajua maji. "Mwenyewe alikwenda kutafuta maji. Alinifunga kwa kiapo na damu, niilinde bunduki yake mpaka arudi. Imeguswa. Mwizi hatoki."

"Mwenyewe amekufa. Vita vimekwisha zamani."

"Sikuapishwa vita. Niliapishwa bunduki. Na huyu ameshuhudia kwa kinywa chake kwamba ndiyo yenyewe."

Lawrence alihisi pumzi sikioni, ya moto, yenye vumbi, na akaelewa kwamba aliyekuwa mlangoni hakuwa mlangoni tena.

Matar akazungumza na Lawrence taratibu. Alisema jini wa kiapo haangalii kitu, huangalia alichoambiwa. Hawezi kujua chuma hiki na kile. Anayejua ni Lawrence. Aikague bunduki upya, na kila anachokiona akitamke.

"Lakini usiseme uongo hata wa tone moja," alisema. "Akikukamata na uongo humo ndani, hatutakuona tena."

Basi Lawrence akarudi mezani, akashika bisibisi, akalegeza skrubu, akavua vishikizo, akauinua mtutu kutoka kwenye ubao uliolala nao, jambo alilopaswa kulifanya kabla ya kufungua kinywa chake, akaupindua chini ya taa huku pumzi ile ikimfuata begani kama mtu anayesoma gazeti la mwenziwe kwenye treni. Tumboni mwa mtutu palikuwa pameparuzwa. Chini ya mparuzo, hafifu kama kovu la utotoni, palikuwa na namba nyingine.

"Mtutu si wake," alisema. "Namba ya juu imepigwa juzi juzi. Ya zamani imefutwa."

Pumzi ikasimama.

"Bolti si yake. Tarakimu zake hazitoki kwenye mkono uleule. Bamba la kitako si lake, limechovywa dawa lionekane kuukuu." Maisha yake yote alikuwa amehuzunika kila alipogundua bunduki ya bandia, na sasa kila kasoro ilimjia kama maji. "Skrubu si zake. Kifyatulio si chake."

Ukabaki ubao. Aliushika, akiomba moyoni uwe wa uongo kama vyuma vyake. Lakini mti ulikuwa umelainika pale shavu moja lilipoegemea kwa miaka, ulikuwa mweusi kwa jasho la kiganja kimoja, na karibu na kitako palikuwa na alama za meno, za kina kirefu, za mtu aliyeuma kitu chochote kilichokuwa karibu kwa sababu kiu ilimzidi. Hakuna mdanganyifu duniani ambaye angewaza kuweka hilo. Simuni Matar alikuwa anangoja. Neno moja tu, "si wake", na pengine angekuwa huru, na neno hilo lilikuwa tayari limekaa ulimini.

"Ubao ni wake," Lawrence alisema. "Huu ni wake kweli."

Sauti ikauliza, polepole, kama anayeamka:

"Na chuma chake kiko wapi?"

"Sijui."

"Nani alikichukua?"

"Wallahi sijui," alisema yule Mkristo, na akalia.

Ubao ulipasuka mikononi mwake tangu kitako hadi mbele, kwa mlio kama wa risasi. Harufu ikaondoka. Ian alikuwa amesimama kwenye mlango uliokuwa wazi, uso umempauka, akisema kwamba picha ya kamera imekatika ghafla, na kwamba yule askari alipotoka alipita ngazini, karibu yake kabisa, na kumwachia vumbi kwenye shati.

Matar alifika jioni ileile, akauzika ule ubao kwa kisomo. Alisema humu chumbani hamna kitu tena. Lawrence alipomuuliza kama kiapo kimekwisha, alitazama pembeni, akasema mlinzi aliyeibiwa haendi kulala.

Jumapili asubuhi Bi Alka alipiga simu. Alitaka Lawrence aende kwa shemeji yake, Bhanu, mdogo wake Suresh, huko Thamesmead. Mlango wake haufunguki, alisema, polisi wako njiani, na Bhanu analia kwa ndani akimtaja mtu wa bunduki. Kisha akaeleza jambo ambalo hakuwahi kulipa uzito. Suresh aliishi na bunduki hiyo miaka mingi kwa amani. Kufungiwa kwake kulianza baada ya Bhanu kuichukua kuitia mafuta na kuirudisha.

Lawrence alipofika, Bi Alka alikuwa kibarazani, shali limefunika kinywa. Lawrence alipiga magoti kwenye upenyo wa kupitishia barua, na ndani akaona vidole vya Bhanu na jicho moja jekundu. Harufu ya vumbi la nyika ilimpiga usoni.

"Nimevitoa, vyote hivi hapa," Bhanu alinong'ona. "Mtutu, bolti, vyote. Anasema mpaka wewe ushuhudie. Mwambie si vyake. Nakuomba, ndugu. Mwambie kama ulivyomwambia vile vya kwako."

Akausukuma mtutu upenyoni, chuma kikatokeza. Kilikuwa na joto. Lawrence hakuhitaji lenzi. Namba ilikuwa tumboni, safi, haijaguswa tangu siku ilipopigwa, na juu yake palikuwa na michubuko iliyolingana kabisa na ule ubao alioushika. Akisema ndiyo, anammaliza mtu. Akisema siyo, anajimaliza mwenyewe. Basi akafumba mdomo, akaubana, akatikisa kichwa kwamba hatasema lolote, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na Bi Alka nyuma yake akiuliza kuna nini, kuna nini.

Mtutu ukarudishwa ndani taratibu, na si kwa mkono wa Bhanu, kwa maana mikono yake yote miwili sasa iliushikilia upenyo.

"Shahidi amenyamaza," ilisema sauti kavu. "Yatosha."

Vidole vikaachia. Hapakuwa na kilio. Polisi walipofika, mlango ulifunguka kwa kuguswa tu, na ndani wakakuta kikombe cha chai kinafuka moshi, redio inaimba kwa sauti ya chini, madirisha yamekomewa kwa ndani. Walipekua hadi darini. Bhanu hakuonekana siku hiyo, wala hajaonekana hadi leo.

Kuanzia kizingitini hadi katikati ya sebule, juu ya zulia jeupe, zilikuwepo nyayo za vumbi jekundu za watu wawili: mmoja wa buti, akifuata nyuma, na mbele yake mmoja pekupeku.