Uzi Mwekundu Chini ya Pikapu

Rafiki yangu, dereva mwenzangu, si mtu wa kutunga mambo. Alioa mjane wa fundi magari, na pikapu kuukuu ya marehemu ikaja pamoja na mke. Juzi taa ya injini ikawaka.

"Marehemu angeshaitengeneza," mkewe akasema.

Wivu ukampanda rafiki yangu. Akanunua sensa ya oksijeni, kile kifaa chenye waya kinachofungwa kwenye bomba la moshi, akajiingiza mwenyewe na tochi uvunguni mwa gari, ndani ya banda lenye giza hata mchana kweupe.

Mkewe hakuchoka kusimulia jinsi marehemu alivyofunga uzi mwekundu kwenye kila waya aliomaliza kuushughulikia, akilowesha fundo kwa mate ili likaze. Sensa ya zamani ilikuwa nao. Rafiki yangu akaukata kwa kisu, akautupa mbali.

"Sasa hili ni gari langu, mzee," akanong'ona.

Sensa hiyo ilikuwa imeshika kutu. Spana ikalia kwii, ndipo ikalegea. Akafunga mpya.

Tochi ikazimika. Gizani, karibu na sikio lake, akasikia ulimi ukilamba kitu taratibu. Jikoni mkewe alikuwa akiimba.

Akaipigapiga tochi mpaka ikawaka. Kwenye waya mpya palikuwa na uzi mwekundu, na fundo lake lilikuwa bado limelowa.