Kitovu cha Duara

Kila asubuhi, kabla mwalimu wa hesabu hajamaliza kuandika swali ubaoni, mkono wa Umeme ulikuwa tayari juu. Darasa la sita zima lilimwita hivyo kwa wepesi wake, naye alijivunia. Msichana waliyemwita Taratibu, binti wa fundi cherehani, aliketi nyuma, akisoma kwa kufuata mstari kwa kidole. Siku ikipita bila kuulizwa swali, alishukuru.

Siku hiyo mwalimu aliyapanga madawati yakatazamana, kisha akaligawa darasa katika makundi. Kila kundi likapata kazi yake. Wengine walipewa uzi wapime mzingo wa vifuniko vya sufuria. Kundi la Umeme na Taratibu lilipewa duara la karatasi, pana kama sinia, na swali moja: kitovu chake kiko wapi?

"Mwalimu, naomba nifanye peke yangu," Umeme alilalamika. "Huyu atanichelewesha."

Taratibu akainamisha kichwa. Mwalimu hakufoka. "Jaribuni kwanza," alisema, akaenda zake.

Umeme akashika rula. Akapima huku, akapima kule, lakini kila mara nukta aliyoiweka ilikaa upande. Jasho likamtoka. Wenzao wawili wa kundi hilo wakaanza kupiga miayo.

"Naweza kulishika?" Taratibu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haya, ila usilichane."

Taratibu akalikunja duara, kingo zikalaliana sawasawa. Akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akalikunja tena, likawa robo. Alipolikunjua, mikunjo miwili ilikuwa imekatana mahali pamoja.

Umeme akaweka rula kutoka hapo hadi ukingoni. Sentimita kumi na tano. Akaigeuza upande mwingine. Kumi na tano. Kila alikoielekeza, kumi na tano! Mwili ukamsisimka.

"Umewezaje?" alinong'ona.

"Mama akikata sketi ya duara, hukunja kitambaa hivi ndipo apate pa kiuno."

Mwalimu akafika, akaona karatasi mbele ya Umeme. "Nilijua tu, Umeme! Mpigieni makofi!"

Makofi yalikuwa matamu. Lakini Umeme alimtazama Taratibu, na utamu ukamwisha.

"Si mimi, mwalimu," alisema huku akisimama. "Mimi nilishindwa. Ni yeye."

Mwalimu akampa Taratibu duara jipya, naye akalikunja mbele ya wote. Shingo zikarefuka. Mikunjo ilipokutana, darasa zima likaguna kwa mshangao, "Lo!"

Mwalimu akaiinua ile karatasi.

"Miaka yote hii nimefundisha duara kwa bikari tu," alisema. "Leo nimewapa kazi mbalimbali, tena kwa makundi, kwa sababu hii: Mmoja huelewa kwa namba, mwingine kwa mikono, na kila mmoja ana la kumfundisha mwenzake. Taratibu, mwambie mama yako leo umenifundisha mimi. Na wewe Umeme, kushindwa kupata kitovu si aibu. Aibu ingekuwa kukaa kimya ukipigiwa makofi ya mwenzako."