Sumaku Hailali

Ting. Ting. Ting.

Kijiko kilikuwa kikigonga kikombe jikoni, na nje bado giza.

Mkono wa Sindano ulikuwa umeshaingia chini ya mto na kuishika bastola yake ya Glock kabla macho yake hayajafunguka. Kisha akasikiliza vizuri, akaiachia. Mama yake alikuwa anakoroga chai.

Na chai ilikuwemo kikombeni. Hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Mwaka uliopita mama alikuwa akikoroga kikombe kitupu mpaka jua litoke, na binti yake alikuwa akimwita "dada" tu, kwa adabu, kama mtu anavyomwita karani wa benki.

Sindano halikuwa jina alilopewa na mama. Walimpa kazini, kwa kuwa alikuwa akiingia bila kelele na maumivu yakafuata baadaye.

Simu ikatetemeka.

"Mjomba anaumwa kichwa," sauti ilisema.

"Sana?"

"Apelekewe dawa asubuhi hii."

Sindano akabonyeza kitufe cha kuficha mazungumzo. Mjomba alikuwa mkuu wake wa kazi, na ndiye huyo huyo aliyekuwa akizungumza.

"Sema."

"Mpatanishi wetu mkuu alipigwa picha za ubongo jana, kwa siri. Anaanza kuugua ugonjwa wa kusahau. Mazungumzo ya mpaka yanafunguliwa leo saa nne."

"Picha ziko wapi?"

"Kwenye kompyuta ya ile mashine ya tiba iliyoletwa na wafadhili, pale kliniki ya ubongo. Hao wafadhili walificha kisanduku ndani. Kila picha inayopita, kinaimeza. Mtu wao anakuja kukichukua leo, atasema ni matengenezo. Picha zikifika mezani, mazungumzo yamekwisha. Vijana watarudi mpakani kuuana."

"Mashine ipi?"

Alijua. Aliuliza tu, kama mtu anavyogonga mlango wa nyumba anayojua imehamwa.

"Ile inayomtibu mama yako, binti."

Ting, jikoni.

"Kisanduku kisitoke pale kizima."

"Nimeelewa."

Mjomba akakohoa. "Daktari ameomba mama yako awe wa kwanza leo. Nimemruhusu."

Jikoni, mama alimsogezea kikombe.

"Kitinda mimba wangu, mbona umenuna? Kunywa. Nimekuwekea sukari ya kutosha harusi."

Sindano akanywa yote.

*

Daktari wa ubongo alikuwa mrefu, mwembamba, na sweta lake lilikuwa limechanika kiwiko. Alikuwa na tabia moja ambayo Sindano aliipenda tangu siku ya kwanza. Kabla ya kukiweka kile chombo cha sumaku, chenye umbo la namba nane, kwenye kichwa cha mgonjwa, alikipasha moto kwanza kwa viganja vyake. Wazee husikia baridi, alisema.

Chombo kilituma mapigo kupitia fuvu, bila kisu, kuamsha sehemu za ubongo zilizosinzia. Kompyuta ndiyo iliyomwelekeza daktari mahali pa kukiweka, kwa kufuata picha za ubongo wa mama.

Tak. Tak. Kidole gumba cha mama kikaruka.

"Daktari, kidole changu kinacheza bila ngoma!"

"Kina furaha kuliko sisi, mama."

Alipomaliza, alimvuta Sindano dirishani na kushusha sauti.

"Mimi ndiye niliyewapigia simu wakubwa wako. Nilifungua kifuniko nipanguse vumbi, nikakiona kisanduku."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza." Akaviangalia viganja vyake. "Wagonjwa wangu wote wamo humo. Kazi yangu yote."

"Na mama?"

"Sikuwahi kukwambia kwamba hii inaponya. Inashikilia tu. Ramani ya ubongo wake imo kwenye kisanduku kile kile, wamevifunga pamoja makusudi. Kikifa, nitakuwa napapasa gizani. Wiki chache, kisha atarudi kule alikokuwa." Akamtazama mama pale kitini. "Ndiyo maana nilimtaka awe wa kwanza. Leo nimempa kiasi chote ninachothubutu."

Sindano alitaka kumshukuru.

"Njoo hapa," mama akaita kutoka kitini. Akamshika binti yake mashavu kwa mikono miwili. "Hivi wewe unafanya kazi gani?"

"Bima, mama."

"Bima gani inavunja watu mbavu? Ile bandeji nilikuwa naiona."

Sindano akacheka, kisha kicheko kikamponyoka kikawa kitu kingine.

"Haya, usilie. Mtoto nimemzaa mwenyewe, nitashindwa kumjua?"

Mlango ukafunguliwa.

*

Walikuwa wawili. Wa mbele alivaa suti nzuri na tabasamu zuri zaidi. Hapo kliniki walimwita Mfadhili. Wa nyuma alikuwa Bonge, na jina lilimtosha.

"Matengenezo ya kawaida tu," alisema Mfadhili. Akafungua kifuniko, akachomoa kisanduku cha chuma, kizito kama tofali.

Sindano hakuweza kupigana pale. Mama alikuwa katikati ya chumba, anafunga kitambaa chake kichwani.

Basi akapokonya.

Kisanduku kikawa kifuani mwake, naye akawa koridoni. Nyuma yake, vishindo vya Bonge. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Akapita kapu la mashuka machafu, akaitumbukiza Glock humo bila kusimama. Funguo zikafuata. Hereni zikafuata.

Mara ngapi alikuwa amemleta mama kwenye chumba cha picha, mwisho wa korido ile, wakaweka vyuma vyao kwenye sinia? Na kila mara fundi wa mashine aliwaambia maneno yale yale: msidanganyike na ukimya wake, sumaku hailali.

Akausukuma mlango mzito kwa bega.

Mashine ya MRI, ile sumaku kubwa ya kupigia picha za ubongo, ilikaa kimya, tundu lake limeachama. Hakuna mgonjwa. Hakuna kelele. Kisanduku kikaanza kuvuta mikononi mwake, taratibu, kama mtoto anayevuta gauni la mama yake sokoni.

Mfadhili, aliyempita Bonge kwenye kona, alifika kwanza, akasimama mlangoni akihema. Aliitazama mashine iliyonyamaza. Akatabasamu tena.

"Chumba hakina mlango mwingine, dada. Lete."

Sindano akakikaza kisanduku kifuani.

"Tunajua habari za mama yako. Nipe hicho, nami nitakuletea mashine mpya. Nyumbani kwake kabisa. Atakuita jina lako kila asubuhi mpaka siku atakayofumba macho."

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililouma.

Nyuma ya kioo cha chumba cha fundi, mama alikuwa amefika na daktari. Daktari alimshika kiwiko asiteleze. Mama alipomwona binti yake, alipunga mkono. Kitinda mimba, midomo yake ilisema.

Vijana wa mpakani nao walikuwa vitinda mimba wa watu.

Sindano akampungia mama kwa kidole kimoja. Kisha akapiga hatua nyuma, akasogea pembeni.

Akaachia.

Kisanduku kiliruka. Kikagonga mashine kwa kishindo kilichotikisa kioo, kikapasuka kama yai, na sahani zake za kuhifadhia picha zikavunjika vipande vipande.

Bonge akaingia mbio, bastola ya Beretta mkononi. Mkono ukabaki, Beretta ikaondoka. Yeye mwenyewe alifuata, akivutwa na chuma cha mkanda wake, miguu ikikataa, tumbo likitangulia.

"Nini hiki? Nini hiki?"

"Picha," alisema Sindano. "Tulia, usitikisike."

Mfadhili aligeuka kukimbia. Kiwiko cha Sindano kikamkuta shingoni. Akakaa chini polepole, suti yake nzuri ikafuta sakafu.

Nje, kwa simu ya daktari, Sindano akapiga namba anayoijua kwa moyo.

"Kichwa kimepona, Mjomba."

"Vizuri sana. Na wewe?"

Akakata.

*

Mazungumzo yalifanyika. Mpaka ukanyamaza.

Mashine ya wafadhili ilichukuliwa kwa lori. Daktari akawa anakuja nyumbani jioni, mikono mitupu. Alikuwa akikaa karibu na mama, anasugua viganja vyake kwa mazoea mpaka vipate joto, kisha anamwekea kichwani. Haikuwa kipimo wala tiba. Mama alikuwa akifumba macho, akitulia.

Ting. Ting. Ting.

Wiki chache baadaye, giza bado. Sindano alisimama mlangoni mwa jikoni, koti la ngozi mwilini na kofia ya pikipiki yake ya Yamaha kwapani. Mjomba alikuwa ameshapiga simu. Jirani alikuwa ameshakuja kukaa na mama.

"Karibu, dada," alisema mama kwa adabu. "Usiondoke bila chai."

Akampa kikombe. Kilikuwa kikavu, kisafi.

Sindano alikiinua kwa mikono miwili, akanywa polepole, akamaliza.

"Tamu," alisema. "Sukari ya kutosha harusi."

Mama akacheka hadi akashika kifua, kama mtu aliyesikia neno alilowahi kulipenda mahali fulani.

Sindano akavaa miwani ya jua, ingawa jua lilikuwa halijatoka, akatembea kuelekea mlangoni bila haraka.

"Dada," mama akaita nyuma yake. "Una roho nzuri wewe. Utakuja tena kunitembelea?"