Kikombe Kisicho na Doa

Mkemia mkuu alikutwa ofisini kwake jioni, saa ya kufunga, kichwa kimelalia meza. Mfagizi ndiye aliyemkuta. Alidhani mzee kasinzia, akafagia chumba chote taratibu, mpaka alipofika chini ya meza na kusema, "Mzee, nyanyua mguu kidogo." Mguu haukunyanyuka.

Daktari wa polisi hakupoteza maneno. Sumu. Imenywewa ndani ya chai, haijapita saa moja.

Chai ililetwa na mkewe, kama kila siku. Basi sajini hakujisumbua. Kesho yake asubuhi mjane alikuwa mahabusu.

"Afande, kesi imekwisha," alimwambia Inspekta. "Kabaki hakimu tu."

"Chai iliyobaki kwenye chupa imepimwa?"

"Imepimwa. Haina kitu."

"Na kikombe?"

"Kimeoshwa, hakina hata alama ya kidole. Kamnywesha, kakiosha, kaenda zake. Wanawake hawa!"

"Wanawake gani?" aliuliza Inspekta, mwanamama mnene asiye na haraka.

Sajini akakumbuka kazi nyingine nje.

Mjane alikuwa ameketi sakafuni, amekumbatia magoti.

"Mama, kikombe cha mumeo ulikiosha wewe?"

"Sikukigusa, mwanangu. Niliacha chupa ya chai mlangoni nikarudi. Kikombe kinakaa hukohuko kazini. Na ningekioshea wapi? Pale bombani kwao? Maji yale yana chokaa, vyombo vinatoka kama vimepakwa majivu."

Inspekta alikwenda kwenye maabara ya marehemu, akasimama mbele ya vikombe vya wafanyakazi. Saba. Sita vilikuwa na pete nyeupe za chokaa. Cha marehemu kiling'aa kama kimetoka dukani.

Akamwita naibu wa marehemu, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka.

"Bwana naibu, mimi shuleni nilikuwa nasinzia. Hivi mtu anajuaje kama maji ni safi?"

Naibu alifurahi kuulizwa. Akadondosha matone mawili kwenye vioo viwili.

"Hili la bomba. Hili la maji yaliyokenekwa. Tunayachemsha yawe mvuke, tunaupoza urudi maji, uchafu unabaki nyuma."

Akavipasha vioo juu ya taa ya spiriti. Kioo cha kwanza kikabaki na pete nyeupe. Cha pili hakikubaki na kitu.

"Haya ya pili mnayaweka wapi?"

"Chumba cha ndani, kwa kufuli."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi peke yangu. Wafagizi wangeyamaliza kwa kuoshea madirisha!" Akacheka.

Inspekta hakucheka. Aliweka vikombe viwili mezani.

"Hiki cha karani wenu. Hiki cha marehemu, tumekikuta kimefunikwa juu ya karatasi ya kuchujia, kikijikaukia. Kilioshwa kwa maji gani?"

Naibu alikitazama kikombe, akavitazama vioo vyake.

"Mkono umezoea," alisema. "Miaka ishirini na miwili, chombo nakisuuza mara tatu, kwa maji safi. Sikufikiri hata kidogo."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Ilikuja dawa ya kikohozi ya watoto, chupa kumi za kupimwa. Siku ile nilikuwa nimechoka. Dawa ile haijawahi kuleta shida, nikaandika majibu kutoka kichwani, nikasaini cheti. Jana kazikuta kabatini, lakiri haijavunjwa hata moja. Akasema kesho anaandika barua. Nilimpigia magoti, Inspekta. Akaniambia, 'Kuna mama atamnywesha mwanawe hii.' Basi. Chai ilikuwa imeshaletwa, nikammiminia mwenyewe."

Mchana uleule mjane aliachiwa. Siku ya tatu alikuja kituoni kuchukua saa na viatu vya mumewe, na Inspekta akamweleza yote bila kuficha.

"Na hiyo dawa, mwanangu, ilikuwa na nini?"

Majibu yalikuwa mezani, yamefika asubuhi ile kutoka maabara ya mji mwingine.

"Haikuwa na kitu, mama. Chupa zote kumi ni safi."

Mjane alitia viatu kwenye mfuko aliokuja nao, kimoja, kisha cha pili.

"Kupima chupa moja kunachukua muda gani?"

"Robo saa."

Midomo yake ilicheza, akihesabu.

"Basi zote ni saa mbili na nusu," alisema, akaufunga mfuko, akatoka.