Aliyenililia Kalaba

Mwaka 1954, jua likizama, nilishuka ufukweni Kabuta kuanua samaki kichanjani. Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu mtumbwi wa mume wangu Kalaba urudi mtupu kutoka upande wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Sikuwa nimelia hata mara moja. Kwetu aliyezama haliliwi kabla maji hayajamrudisha. Ukimlilia mapema, ziwa hudhani umeliachia mtu wako. Lakini siku akipatikana, mke sharti alie kijiji kizima kisikie. Asipolia, basi ndiye aliyemroga.

Mama mkwe wangu, Matildah, alinilinda kama askari wa boma.

"Meza, mwana," alininong'oneza kila mara. "Meza ile kilio. Maji haiyamurudisha bado."

Nikameza. Kifua kiliniuma hadi nikashindwa kumbeba binti yangu Ennie. Waliosema subira huvuta heri hawakuwahi kungoja maiti ya mume.

Kichanjani palikuwa na mwanamke ameketi.

Alinipa mgongo. Nguo zake zilichuruzika maji... na mvua haikunyesha. Alinuka tope.

"Uko na kilio mingi, dada," alisema polepole. "Nipe mimi. Nitakulilia."

Nilipaswa kukimbia. Lakini nilikuwa nimechoka jamani, nimechoka!

"Chukua," nikasema.

Akaniwekea kiganja kifuani. Baridi... kisha kifua kikawa chepesi. Nilirudi na kapu langu, nikala nikashiba, nikalala fofofo. Nikikumbuka raha ile, najichukia.

Asubuhi maji yalimrudisha Kalaba.

Kijiji kizima kilisimama ufukweni kikinikodolea macho. Nilimtazama aliyelala mchangani. Nilijua jina lake. Basi.

"Sasa lia, mwana," Matildah alinong'ona, akinifinya mkono. "Lia! Banakuangalia."

Halikunitoka hata chozi moja.

Shemeji yangu Kasonde akaokota kasia. "Mulozi," alisema. "Njo huyu alimukula ndugu yangu."

Ndipo kilio kikatoka majini.

Sauti yangu! Ilimwita Kalaba kwa jina nililomwitia chumbani tu. Mwanamke akatokeza kwenye matete, maji kiunoni, akijipiga kifua. Uso ulikuwa wangu. Watu wote wakaangua kilio pamoja naye. Matildah akaniachia mkono, akaingia majini, akamkumbatia.

"Febby, mwana wangu... lia, lia."

"Mayo, mama, Febby ni mimi. Niko hapa."

Aligeuka akanitazama kama mtu wa njia.

"Weye ni nani? Unatoka wapi?"

Kasonde aliniinulia kasia, kama afukuzaye mbwa. Ennie akanipita mbio, mikono mbele, akilia "Mama!" Yule akambeba. Akampapasa mgongo kwa mkono unaochuruzika, na mtoto akatulia.

Nilijua hapo mama yeyote angelia. Nikasimama nikingoja uchungu uje. Hadi leo nangoja.