Kifuniko cha Kikapu cha Mama

Kila Jumamosi, akishakunywa kahawa, Verlene Sylestine hukiteremsha kikapu cha marehemu mama yake na kukipangusa vumbi. Kimesukwa kwa majani ya msonobari, ila kifuniko kimeishia nusu. Mama alifariki kabla ya kukimaliza.

"Si ukimalize wewe?" aliuliza mumewe, Clovis, Jumamosi moja.

"Kwa majani gani? Ya siku hizi hayazidi kiganja!"

Jamani, zamani! Verlene alipokuwa mdogo, msitu ulianzia mlangoni. Jani moja la msonobari lilitoka kiwikoni hadi ncha ya kidole. Mama akirudi kutoka kuyachuma, nyumba nzima ilinukia. Kisha wakaja wakata mbao, na baada yao vichaka. Verlene aliukumbuka msitu ule mpaka roho ikamuuma.

Asubuhi hiyo Clovis alikwenda nyuma ya nyumba kukata nyasi kwa mashine. Jirani yao Lonnie, mfanyakazi wa misitu, akaja mbio.

"Zima! Zima, kaka!"

"Kuna nini? Nyoka?"

Lonnie alishika shungi la majani mabichi. "Hii ni nini?"

"Nyasi. Sugu kwelikweli! Kila mwaka nazikata, zinarudi."

"Nyasi wapi! Huu ni msonobari wetu wa zamani, ule wa majani marefu. Mbegu zimetoka kwa ule mti mkongwe wa kanisani. Ukiwa mchanga hukaa hivi miaka kadhaa, unakuza mzizi kwanza."

Verlene alichuchumaa, akalipima jani. Kiwikoni hadi ncha ya kidole. Machozi yakamtoka.

"Clovis! Miaka yote hii unanyoa kifuniko cha mama!"

Clovis akaisukuma mashine kando.

"Msichume sasa, acheni miti ikue," Lonnie alisema. "Na inahitaji moto."

"Moto? Nyuma ya nyumba yangu? Una wazimu?" Clovis alimaka.

"Vichaka vinainyima jua. Moto mwepesi unapita chini na kuvila. Chipukizi limejificha katikati ya majani, haliungui. Ila usiwashe mwenyewe! Tutalima njia ya kinga moto usivuke, tungoje upepo mtulivu, kikosi chetu cha misitu kiwepo na maji."

"Mama alikuwa akichoma msituni hivyo hivyo," Verlene alisema taratibu. "Nilikuwa nimesahau."

Clovis alikuna kichwa. "Kama ni mama mkwe, sibishi. Yule hata kaburini namwogopa."

Februari kikosi kilichoma. Uwanja ukawa mweusi tii, na Verlene akajuta. Lakini wiki chache baadaye majani mabichi yalichomoza katikati ya kila shungi. Kila baada ya miaka miwili au mitatu walichoma tena, na Clovis ndiye aliyebeba maji.

Mwaka wa sita miti ilimpita Verlene kimo. Alichuma majani machache kwa kila mmoja, akayakausha, akakaa mezani na sindano. Majani ya mama yalikuwa ya kahawia, yake bado yana ukijani. Pale mama alipoachia palionekana wazi, naye hakupaficha.

Alikifunika kikapu. Kifuniko kikakaa sawasawa.

"Mama, tumemaliza," alisema.

Clovis alikuwa dirishani, akiitazama miti. "Verlene," aliita, "njoo usikie upepo."

Ulikuwa ukivuma kama zamani.